Mifereji ya depo ya mafuta juu ya mawe ya lava

Mchoro wa depo ukiletwa mezani kwangu hapa Goma, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maji yanakokwenda. Matangi, pampu na ukuta watu huvichora vizuri. Mifereji huwa mstari mmoja wa bluu unaotoka nje ya ukuta na kuishia hapo. Kwetu mstari huo unaishia ziwani. Mji umekaa juu ya lava yenye nyufa, mvua kubwa inamezwa na mawe mara moja, na chochote ilichobeba kinashuka kuelekea Kivu, ambako akina mama na watoto wanachota maji kwa bidoni. Ndiyo maana mifereji siiachi iwe kazi ya kumalizia.

Chukua kalamu tatu za rangi. Kijani paka mahali panapopokea mvua tupu: mapaa, ofisi, njia ya walinzi. Nyekundu paka mahali mafuta yanapoweza kumwagika: sakafu ya kujazia malori, chini ya pampu, ndani ya kuta zinazozunguka matangi. Nyeusi ni kile kinachotolewa ndani ya mitambo yenyewe, chujio linapofunguliwa au bomba linapokaushwa. Rangi hizi tatu zisikutane kwenye bomba lolote.

Nyeusi ndiyo inayodharauliwa zaidi, hasa kwenye mitambo ya gesi. Chombo chenye presha kikiisha kimiminika huku vali ya chini iko wazi, gesi nayo inafuata njia ileile. Kama bomba hilo limeungwa na mfereji wa sakafu, gesi itatokea kwenye vyavu vya sakafu, miguuni pa mfanyakazi. Liwe na tangi lake lililofungwa, na bomba la kupumulia lipande juu, mbali na moto na watu. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unavuna methani ya ziwa letu hilihili na kuzalisha umeme wa megawati 26. Siku upande wetu nao utakapojenga, natamani kijana wa Goma atakayeshika kalamu awe ameshaelewa jambo hili.

Juu ya mvuke mzito sihitaji kumfundisha mtu wa hapa. Tumekua tukionywa kuhusu mazuku, ile gesi inayolala mabondeni na kuua mbuzi kabla mwenye mbuzi hajajua. Mvuke wa esanse, yaani petroli, ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, unaizidi hata gesi ya mazuku. Hautapaa. Utaingia kwenye kanivo, mfereji wa sakafu, na kutembea humo kimya hadi ukutane na cheche.

Nililiona hilo kwa macho yangu kwenye depo moja. Kanivo ya pampu ilikuwa imeungwa na mfereji wa mvua uliopita nyuma ya karakana. Mchomeleaji alikuwa anakata chuma, hatua kama arobaini kutoka kwenye pampu. Moto ulikimbia ndani ya kanivo na kurudi mpaka kwenye pampu. Hakufa mtu, lakini kijana aliyekuwa amechutama pale aliungua mikono. Mimi nilikuwa nimeupitisha mchoro ule kwa kuangalia mteremko tu. Tangu siku hiyo, kila kanivo nyekundu naikatiza kwa kufuli ya maji.

Kufuli ya maji ni shimo dogo la betoni ambamo bomba linaloingia linazamishwa chini ya maji kwa milimita 150 au zaidi. Maji yanapita, mvuke unazuiwa. Weka moja kila eneo linapoungana na bomba kuu, na nyingine kabla ya tangi la kutenganishia mafuta na maji. Adui wake ni kiangazi. Juni hadi Agosti maji hukauka humo na kufuli inabaki tundu tupu. Siku moja fundi wangu mdogo aliniuliza, “Papa, mbona unamwaga maji kwenye mfereji wakati watu wanayatafuta?” Nilimwinamisha atazame ndani na tochi: mdomo wa bomba ulikuwa wazi kabisa, na harufu ilimpanda puani. Hakuuliza tena, alienda kuleta bidoni ya pili.

Sasa tangi la kutenganishia. Tuseme sakafu ya malori ni mita 20 kwa 20, na unaipimia mvua ya milimita 60 kwa saa. Hiyo ni mita za ujazo 24 kwa saa, karibu lita 6.7 kila sekunde. Tone la mazutu, yaani dizeli, la mikroni 150 (milimita 0.15) hupanda majini kwa milimita 1.8 hivi kwa sekunde. Ukigawanya lita hizo kwa kasi hiyo ya tone unapata mita za mraba 3.7 za uso wa maji. Lakini maji yanayotembea hayatulii, kwa hiyo nenda hadi 6: upana mita 1.2, urefu mita 5. Kwa kina cha mita 1, maji yatasogea chini ya milimita 6 kwa sekunde, na yasipite 15. Wengi huchimba kina kirefu wakidhani wameongeza nguvu. Kinachotenganisha ni uso wa maji.

Kabla ya kuchimba lakini, ezeka sakafu hiyo mabati. Mvua ya paani inakuwa ya kijani, na tangi lako linapungua sana. Mbele yake weka chumba cha kunasa mchanga, maana vumbi letu jeusi hujaza kila kitu. Usisukume maji hayo kwa pampu, yateremke yenyewe. Pampu huvunja mafuta kuwa matone madogo yasiyopanda. Sabuni ya unga nayo piga marufuku, inafanya jambo lilelile.

Ukuta wa matangi ubebe asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote. Mawe ya lava yaliyopangwa kwa saruji huvuja kwenye maungio hata yakipigwa plasta. Mwaga betoni yenye nondo, jaza maji, acha siku nzima, kisha pima. Vali ya kutolea mvua ikae nje ya ukuta, imefungwa kwa kufuli, na anayeifungua asiondoke mpaka aifunge.

Mwishoni, kinga maji ya tangi la kutenganishia kwa chupa nyeupe na uyainue juani. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu yake, funga njia ya kutokea, nyonya mafuta yanayoelea juu, halafu rudi na chupa nyingine.