Ndugu yako ametoka vitani Kivu: muulize "lini", usimuulize "nini"

Naandika hii kwa sababu simu ni zile zile kila mara, mtu yuko Nairobi au Dar au Kampala anasema mama mdogo wake, au binti wa kaka yake, ametoka Masisi au Kalehe, huku kwetu Kivu mashariki ya Congo, amefika mjini hana kitu, halali, haongei, sasa tumpeleke wapi na tumwambie nini. Mimi ni mtoto wa Bukavu, tumewapokea watu wa namna hii nyumbani kwetu, kwahiyo naandika vile tunavyofanya sisi na vile manesi na wanasaikolojia walivyotufundisha.

Jambo la kwanza kabisa, na ukisahau mengine yote shika hili: usimuulize nini kimetokea. Muulize lini. Ilikuwa leo? Jana? Siku ngapi zimepita? Hiyo "nini" ataisema mwenyewe siku akiwa tayari, na pengine ataisema kwa mtu mwingine kabisa na sio wewe, lakini "lini" ndo inaamua dawa gani bado inamfaa.

Nieleze kwanini. Mtu akibakwa kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini, huku kwetu watu wanasema kiti PEP (kiti hapa ni pakiti ya dawa, sio cha kukalia), na hizo zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 yaani siku 3, na kila saa inayopita zinapungua nguvu, kwahiyo usiseme basi tuna mpaka keshokutwa, nenda sasa hivi hata kama ni usiku ilimradi njia ni salama. Anameza kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba isiingie inakwenda mpaka masaa 120, siku 5. Juu ya hapo anapewa antibiotiki za magonjwa ya zinaa, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B. Akiwa ameshaoga sio tatizo la kumzuia kwenda, watu wengi wanabaki nyumbani kwa sababu hiyo na ni makosa. Nguo alizovaa siku ile, kama anadhani siku moja atataka kushtaki, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki maana zinaoza. Na kama zimepita wiki mbili au mwaka mzima? Nenda vilevile. Kuna vidonda vya ndani, kuna maambukizi, kuna fistula inayofanya mkojo utoke wenyewe na mwanamke anajificha watu wasisikie harufu, na hiyo inashonwa na wengi wanapona. Wanaume na watoto wa kiume nao wanafanyiwa, ila hao wanasema wameanguka au wamepigwa tu, kwahiyo akisema kapigwa na anashindwa kukaa vizuri, mpeleke bila maswali.

Sasa wapi. Goma wako Madaktari Wasio na Mipaka, wengi tunawaita MSF tu, kuna hospitali ya HEAL Africa, na mtu mwenye risasi au vipande vya bomu mara nyingi anapelekwa hospitali ya CBCA Ndosho ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wanasaidia upasuaji. Bukavu ni hospitali ya Panzi. Kama uko kijijini usijaribu kukimbilia mjini kwanza, nenda kituo cha afya cha pale pale ukamuulize nesi ukiitaja dawa kwa jina, "kiti PEP ipo?", maana mashirika huwa wanaziacha hata vituo vidogo, na kama haipo yeye anajua gari la rufaa linapita lini. Humjui nesi? Tafuta RECO, wale wahudumu wa kujitolea wa mtaani wanaohamasisha chanjo, huwa wanajua kila mlango. Ukifika ulizia APS, huyo ndo mtu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii, mara nyingi ni mama mtu mzima anaeongea Kiswahili cha kwetu na sio Kifaransa cha vitabuni, na hapo mgonjwa wako atapumua.

Watu wanaogopa kwamba wataulizwa karatasi ya polisi au wataulizwa wako upande gani. Kuna hospitali moja, siitaji, ilimrudisha mama mdogo wangu akalete karatasi kwanza, tukapoteza nusu siku, na nusu siku katika siku 3 ni nyingi jamani. MSF hawaulizi. Hawa walianza Ufaransa mwaka 1971, madaktari na waandishi wa habari waliokuwa wameona vita vya Biafra kule Nigeria, na mpaka leo pesa yao karibu yote inatoka kwa watu wa kawaida wanaochanga kidogo kidogo, serikali zinachangia sehemu ndogo sana, na ndo maana wanaweza kumtibu raia na mpiganaji kwenye jengo moja. Getini utaona mchoro wa bunduki iliyopigwa mstari mwekundu, silaha inabaki nje. Na ni bure. Mtu akikuomba pesa ili jina liingie kwenye orodha, au mbaya zaidi akamuomba binti kitu kingine, huyo ni mhalifu hata kama amevaa fulana ya shirika, na kila shirika la kweli lina njia ya kumshtaki bila jina lako kujulikana, uliza.

Kwa risasi nitapita haraka: kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu na usiachie kila dakika kuchungulia, kitu kilichozama mwilini usikichomoe, usipake majivu wala mafuta. Kama umefunga mkono au mguu kwa nguvu juu ya kidonda kwa sababu damu imekataa kabisa, andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso, daktari ataitafuta hiyo saa.

Nirudi kwenye moyo, maana hapa ndo tunapoharibu sisi ndugu wenyewe kwa mapenzi mengi. Anafika, tunamzunguka watu kumi sebuleni, tunataka atueleze, mashangazi wanalia, na yeye anarudishwa palepale msituni mbele ya watu. Zamani hata wataalamu waliamini kumsimulisha mtu mara moja kunatoa sumu, sasa Shirika la Afya Duniani linasema tusifanye hivyo. Wanafundisha maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia maana yake yuko salama, ana njaa, ana baridi, ana mtoto wa kunyonyesha? Sikiliza maana yake kaa jirani, kimya, akiongea pokea, akinyamaza usijaze. Unganisha ni kumfikisha kwa huduma na kwa watu wake.

Yaani chai ya moto, maji ya kuoga, mlango unaofungwa kwa ndani na ufunguo apewe yeye. Mwambie "pole mama, hapa uko kwako, sio kosa lako". Usimwambie "shukuru Mungu uko hai", najua tunamaanisha vizuri, lakini yule aliyeacha mtoto njiani hasikii shukrani hapo, anasikia kwamba amekatazwa kulia. Usimwambie asahau. Usiahidi kitu usichonacho. Akitaka kusali, sali nae, sala haigombani na mwanasaikolojia, mpeleke kote kuwili.

Wiki za kwanza kushtuka mlango ukigongwa, kuota jinamizi, kusahau, kukasirika, moyo kwenda mbio, ni mwili unafanya kazi yake na kwa wengi hupungua wakiwa salama na watu wao. Ila takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha katika sehemu za vita karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kwahiyo usingoje mpaka aitwe kichaa. Kama mwezi umeisha na bado halali, hali, hamuogeshi mtoto wake, au amekimbilia pombe (wanaume wetu wengi ndo njia yao ya kulia), mrudishe kwa APS. Akisema bora ningekufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi. Akikubali, usimwache peke yake na umpeleke siku hiyo hiyo. Mtoto atakuonyesha kwa njia yake, anarudi kukojoa kitandani, anang'ang'ania nguo, anacheza mchezo wa bunduki tu. Usimpige. Mrudishe kwenye ratiba, kula saa ile ile, shule hata ya kanisani, mpira.

Watu huniuliza huko ndani kwa mwanasaikolojia wanafanyaga nini. Chumba, viti viwili, siri inayobaki pale. Anafundishwa kupumua wakati picha zinarudi, anasaidiwa kupanga siku, wengine wanakaa kikundi cha wanawake waliopitia yale yale. Vidonge ni kwa baadhi tu. Na hapa lazima niiseme Panzi. Daktari Denis Mukwege alikuwa mkuu wa hospitali ya Lemera iliyoshambuliwa mwaka 1996, wagonjwa wakauliwa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi akitaka akina mama wajifungue salama, na wa kwanza aliyemfikia alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kutokana na hayo wakajifunza kushona peke yake hakutoshi, ndo wakaweka mambo manne chini ya paa moja: tiba, saikolojia, wakili, na kazi ya kujitegemea. Alipewa Nobel ya Amani 2018 pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Iraq aliyepitia yale yale. Kwahiyo ukimpeleka ndugu yako ulizia yote manne, usiridhike na dawa.

Mwenye kifafa, kisukari, TB au anaetumia ARV mtaje mapema, vita inakata dawa na kukatika ndo kunaua. Aliyepotezana na watoto aende Msalaba Mwekundu, wanatafuta na kupeleka ujumbe wa familia bure. Na waliovuka mpaka, kwenye makambi ya Musenyi kule Burundi, Nakivale Uganda au Nyarugusu Kigoma, waulize kituo cha afya cha kambi kwa maneno yale yale.

Wewe uliye mbali unataka kusaidia, tuma nauli. Dawa ni bure, pikipiki sio bure, na benki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa 2025 pesa ya simu ndo iliyofikisha wagonjwa. Ukichangia shirika, toa kidogo kila mwezi bila kuchagua itumike wapi, dharura haingoji. Usitume dawa zilizobaki kabatini, na picha ya mgonjwa usiirushe kwenye grupu hata la familia.

La mwisho ni karatasi. Andika tarehe ya kurudi, chanjo inayofuata, kipimo cha HIV baada ya miezi 3, na usiandike sababu maana karatasi huokotwa. Mama mdogo wangu tulimwekea alamu ya saa mbili usiku kwa siku 28, na jirani, ambaye hakuwahi kuambiwa dawa ni za nini, kila ikilia alikuwa anakuja na kikombe cha maji anakaa nae mpaka ameze.