Kutoka Dodoma hadi Sekenke na Hanang: mzunguko wa siku tano, hatua kwa hatua

Abiria wengi wa mabasi ya Dar–Mwanza wanaifahamu Kanda ya Kati kupitia pazia la dirishani. Wanasinzia Dodoma, wanashtuka Nzega. Mimi ni dereva wa wageni, na hiyo sehemu wanayoilala ndiyo ninayoipenda kuliko zote: machimbo ya dhahabu ya tangu enzi za Mjerumani, mlima wa zaidi ya mita 3,400, na mashamba ya zabibu, vyote kwenye mzunguko mmoja wa lami wa kilomita 870 hivi.

Njia ni hii: Dodoma, Manyoni, Singida, Shelui, kurudi Singida, Katesh, Babati, Kondoa, Dodoma. Usiigeuze. Nimeipanga hivi ili sehemu kubwa ya safari jua liwe mgongoni kwako, si machoni. Anayetoka Dar anaweza kuja kwa treni ya SGR na kukodi gari Dodoma.

Kabla ya kuondoka

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Nenda msimu wa pili. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zikinyesha, njia za vumbi za kuingia machimboni hugeuka tope.

Gari dogo la kawaida linatosha. Ila breki zikaguliwe na fundi unayemwamini, na tairi la akiba liwe na upepo. Beba pesa taslimu, maji ya kutosha na sweta, kwa sababu upepo wa Singida jioni si wa mchezo. Kwenye kila kijiji chenye kibao cha 50, shuka hadi 50. Askari wa tochi wapo, lakini hata wasingekuwepo, watoto wanavuka barabara hiyo kwenda shule.

Siku ya 1: Dodoma hadi Singida (kilomita 240 hivi)

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Utapita Bahi, penye majaruba ya mpunga katikati ya nchi kame, halafu tambarare ndefu ya Kintinku. Uko chini ya bonde la ufa, ingawa hakuna kibao kinachokuambia. Utajua ukiona ukuta wa mlima mbele yako. Huo ni Mlima Saranda, na ukifika saa mbili asubuhi jua linaupiga usoni moja kwa moja. Ukishapanda, tafuta mahali pa wazi uegeshe nje kabisa ya barabara, kisha ugeuke nyuma. Bonde lote umeliacha chini.

Manyoni jaza mafuta, na ununue asali. Kutoka hapo hadi Singida ni kama saa mbili za alizeti na mawe ya matale. Singida mjini agiza kuku wa kienyeji. Ni wa sifa, na sifa hiyo wanaistahili. Agiza mapema, maana kuku huyo hataki haraka jikoni.

Siku ya 2: Sekenke

Hii ndiyo siku niliyoandikia mwongozo huu. Shelui iko kilomita 110 hivi kutoka Singida. Pita Iguguno na Misigiri, na uwe juu ya Mlima Sekenke kabla ya saa tatu asubuhi. Mbele yako ardhi inakatika, na chini imetandazwa mbuga ya Wembere mpaka macho yanachoka.

Mwaka mmoja nilichelewa Singida nikauteremka mlima huu magharibi ikiingia. Mbele yangu palikuwa na lori la mzigo, nyuma yangu lingine, na harufu ya breki zinazoungua ikajaa garini. Wageni wangu hawakuona chochote zaidi ya taa nyekundu, na mimi nilifika Shelui mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo Sekenke nauteremka asubuhi tu. Weka gia nzito, yaani ya namba ndogo, kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Usikanyage breki mfululizo: kanyaga, achia, acha zipoe. Lori likiwa mbele, liachie nafasi kubwa wala usilipite kwenye kona.

Dhahabu ya hapa ilianza kuchimbwa na Wajerumani miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipowatenga na kwao, sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 wakachukua dhahabu ya Sekenke na kuifua Tabora kuwa sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka 16,000 na kidogo, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazisaka kwa bei kubwa. Ukisimama kwenye kifusi cha Sekenke kumbuka kwamba yule tembo alitoka kwenye mwamba huu.

Leo wenyeji wa eneo hili ni wachimbaji wadogo. Usiingie machimboni ukiwa umeshika kamera. Fuata mpangilio huu:

1. Anzia ofisi ya kijiji. Msalimie mtendaji, jieleze wewe ni nani na unataka kuona nini, na uombe mtu wa kukuongoza.
2. Ukifika, muulize msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia, kabla ya kupiga picha. Picha ya mtu inaombwa kwa mtu mwenyewe.
3. Usisogelee mdomo wa duara, hata ukialikwa. Kingo zake humeguka bila kutoa taarifa.
4. Omba upelekwe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, halafu mwaloni, panapooshewa dhahabu.

Mwaloni ndipo pa kukaa. Mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanakuja yakiwa unga wa kijivu. Yanamwagwa na maji juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa gunia. Mchanga mwepesi unakwenda zake, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi. Kisha gunia linasuuzwa ndani ya karai. Mama mmoja aliniita, "Njoo uone, baba." Akalizungusha karai taratibu, tope likawa linatoka kidogo kidogo ukingoni, hadi ikabaki alama ya njano nyembamba kama uzi wa kushonea. Kazi ya tangu alfajiri ilikuwa uzi ule.

Mambo mawili sitaki uyapuuze. La kwanza ni zebaki, inayotumika kukamatisha dhahabu. Wanapochoma, ondoka upande unakoelekea moshi, na watoto wasishike tope la mwaloni. La pili, usinunue dhahabu, hata punje ya kumbukumbu. Biashara hiyo ni ya wenye leseni, na tangu 2019 nchi ina masoko rasmi ya madini. Ukitaka kuacha kitu, nunua chakula na maji kwa mama ntilie wa hapo machimboni.

Rudi Singida mchana. Jua litakuwa nyuma yako tena.

Siku ya 3: Singida hadi Katesh

Asubuhi usisafiri. Tembea ukingoni mwa maziwa Kindai na Singidani, yote mawili ya chumvi na yote yako mjini. Heroe (flamingo) wakiwepo utawaona kwa mbali kama utepe wa waridi.

Ondoka saa saba mchana. Mlima Hanang utaanza kuonekana mapema, peke yake juu ya tambarare, na kadiri alasiri inavyosonga ndivyo jua linavyoupiga ubavu wa magharibi. Lala Katesh, mji ulio chini ya mlima kabisa. Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani vikaua watu wengi hapa. Ukiona makovu yale ya ardhi, jua kuna familia zilizokuwa zikiishi pale; usiyafanye mandhari ya kupigia picha yako.

Anayetaka kupanda hadi kileleni aongeze siku nzima, apate kibali na mwenyeji wa kumwongoza, na aanze kabla ya mapambazuko. Maji yote abebe kutoka chini.

Siku ya 4: Babati na Kolo

Babati simama kidogo ziwani uangalie viboko, kisha shika barabara ya kusini inayopanda Bereko. Kolo lipia ofisini na upewe mwongozaji. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njia ya kupanda ni mbovu, kwa hiyo gari la chini liache ofisini. Juu kule utakuta twiga na watu wembamba wa rangi nyekundu kwenye jiwe. Usiguse, wala usimwagie maji ili rangi ing'ae. Zamani watu walifanya hivyo. Lala Kondoa.

Siku ya 5: zabibu

Zabibu nimeziweka mwisho kwa sababu ya joto. Chupa ya mvinyo ikikaa siku nne ndani ya gari lililoegeshwa juani, utafungua mvinyo ulioharibika.

Ukikaribia Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu, anza kuangalia mashamba. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima huulaza na kuuamsha kwa mkasi: akipogolea, mche unachipua na kuanza safari ya matunda upya. Ndiyo siri ya mavuno mawili. Kilimo chenyewe kina mkono wa wamisionari Wakatoliki. Wale wa Bihawana, barabara ya Iringa, ni miongoni mwa waliotangulia kutengeneza mvinyo hapa.

Msalimie mkulima kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha omba kuonja zabibu nyekundu ya Makutupora moja kwa moja kwenye kichala. Ngozi yake ni nene na inakwaruza ulimi kidogo. Ukali huo ndio unaoupa mvinyo wake mwili. Muulize pia kuhusu mchuzi wa zabibu. Wakulima wengi hukamua na kuhifadhi mchuzi wakisubiri mnunuzi wa kiwandani, na mnunuzi akichelewa, jasho la msimu mzima linabaki ndani ya tangi. Ndiyo maana nawasihi wageni wangu wanunue chupa ya Dodoma badala ya ile iliyovuka bahari.

Anayeendesha haonji mvinyo. Chupa zake zifungwe kwenye taulo, zilazwe chini ya kiti upande wa kivuli, na zifunguliwe jioni mjini, kwa nyama choma, funguo za gari zikiwa zimeshawekwa.