Foku ya baiskeli ya mtumba yenye bomba fupi: pima hivi kabla hujalipa

Naandika somo hili mara moja ili nikiulizwa tena nimtume mtu hapa. Picha ninazoletewa zinafanana: foku nzuri ya mtumba, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli, imefika nyumbani, imeingizwa kwenye shingo ya fremu, bomba linachungulia juu kidogo tu na stemu haina pa kushika. Hela imeshalipwa na muuzaji hapokei simu.

Chanzo ni hiki. Foku mpya hutoka kiwandani na bomba refu, kisha hukatwa kwa kipimo cha fremu moja. Mtu wa kwanza kuwa nayo, huko ilikotoka kabla ya kupakiwa kwenye kontena, aliikata kwa fremu yake. Kama fremu yake ilikuwa na shingo fupi kuliko yako, huo ufupi umeununua wewe. Wauzaji wetu hukutajia gurudumu na bei. Bomba hawalitaji, kwa sababu hakuna anayewauliza.

Tuelewane maneno kwanza. Bomba ni ule mrija wa juu wa foku unaopita ndani ya shingo, yaani mrija wa mbele wa fremu. Bega ni pale miguu miwili ya foku inapokutana. Stemu ndiyo inayobeba usukani. Kofia ni kile kibati cha juu kabisa ya stemu, chenye skrubu inayoshuka ndani ya bomba. Seti ya shingo ni vikombe viwili, beringi zake, kifuniko cha juu na pete ya chini inayokaa begani.

1. Unene. Bomba la kawaida la siku hizi, lisilo na uzi, lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6, yaani inchi 1 na moja ya nane. Yale ya zamani ni 25.4. Ukikuta limenenepa kuelekea begani, hilo halipiti kwenye shingo ya kawaida iliyonyooka. Liache.

2. Gurudumu, breki, ekseli. Foku ilingane na vyako. Kama unatumia breki za rimu, angalia foku ina vile vichuma viwili vya kushikia breki.

3. Toa foku ya zamani. Weka gazeti chini, gololi zisipotee.

4. Pima. Hapa niliumia, kwa hiyo nitakaa.

Urefu unaohitaji ni jumla ya vitu vinne: shingo ya fremu peke yake bila vikombe, kimo cha kikombe cha chini pamoja na pete yake, kimo cha kikombe cha juu pamoja na kifuniko, na kimo cha stemu pale inapokumbatia bomba. Ukipenda washa (zile pete za kuinulia stemu) chini ya stemu, ziongeze. Mwisho toa milimita 3, kwa sababu bomba linatakiwa kuishia chini kidogo ya mdomo wa stemu ili kofia ipate nafasi ya kuvuta.

Mfano wa fremu yangu: shingo 120, chini 13, juu 22, stemu 40. Jumla 195. Toa 3, nahitaji bomba la 192. Bomba la foku unalipima kutoka begani, pale pete ya chini inapokalia, hadi ncha. Usianzie juu ya pete.

Mimi nilipima vizuri kabisa, lakini nilipima nikiwa na seti ya zamani. Baadaye nikaona beringi zimeliwa na kutu, nikanunua seti mpya, nikaifunga bila kupima upya. Kikombe chake cha juu kilikuwa kirefu kwa milimita 11. Stemu ikakaa, skrubu ya chini ikashika bomba, ya juu ikabana hewa. Kwa macho hukuona kitu. Nilizungusha usukani, ukaitika. Nikapanda nayo hadi Sipi, mlimani, bila shida, maana kwenye kupanda hukazi breki. Wakati wa kushuka nikapiga shimo huku nimekamata breki ya mbele, usukani ukageuka na gurudumu likabaki linatazama mbele. Mtulinga ulivunjika, nikafunga mkono wiki sita. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa mdogo wangu, na angeweza kunikanyaga.

Kwa hiyo:

Pima na seti utakayoifunga kweli, si ile unayoitoa. Skrubu zote mbili za stemu lazima zilale juu ya bomba. Ukichungulia ndani ya stemu kwa juu, bomba lisiwe limezama zaidi ya milimita 3. Ukikuta limezama 10, usiendeshe hata kwenda dukani. Na stemu iliyowahi kubanwa ikiwa nusu tupu usiitumie tena. Masikio yake, pale skrubu zinapopita, yamejikunja na unaweza usione.

5. Likiwa fupi. Nenda kwa mpangilio huu. Ondoa washa zote. Badilisha kifuniko cha juu: vingine ni virefu kama koni, vingine ni bapa, na hapo unaweza kupata milimita 5 au zaidi. Tafuta stemu yenye kimo kidogo; nyingi ni 40, zipo za 35. Mwisho angalia kama shingo yako ni nene kwa ndani, takriban milimita 44. Kama ndiyo, vikombe vyake vinaweza kukaa ndani ya shingo badala ya kusimama nje, nawe unaokoa kimo kikubwa.

Turudi kwenye mfano wangu. Bomba la 184 limepungua 8. Stemu ya 35 inanipa 5, kifuniko bapa kinanipa zilizobaki. Hiyo foku ninainunua. Bomba la 165 limepungua 27, na hakuna njia ya halali ya kuzipata kwenye fremu ya kawaida. Hiyo namrudishia muuzaji mkononi.

Usiunge bomba kwa kulichomea. Usipige kipande cha bomba la maji ndani. Kile kirefusho cha usukani kinachouzwa nacho hakisaidii hapa, kwa sababu chenyewe hubana bomba kama stemu inavyobana. Kinataka urefu uleule ambao huna.

6. Pete ya chini, grisi, ingiza. Pete igongwe kwa bomba la chuma linalopita juu ya bomba la foku, si kwa patasi.

7. Kaza kofia kwanza, stemu baadaye. Kofia haishiki usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo, yaani kulegea, kwenye beringi, basi. Mchezo ukiisha, nyoosha usukani, kisha kaza skrubu za stemu kwa zamu, kidogo kidogo. Nguvu imeandikwa kwenye stemu yenyewe, mara nyingi 5 au 6 Nm.

8. Jaribu. Kamata breki ya mbele, weka kidole kwenye mwanya wa kikombe cha juu, sukuma na kuvuta. Ukihisi kugonga, bado. Kisha inua mbele: usukani uanguke upande wenyewe bila kukwama. Mwisho bana gurudumu katikati ya magoti na uukunje usukani kwa nguvu. Ukigeuka peke yake, rudi hatua ya 4.

---

MASWALI

Kijana wa Njeru: Fundi, nimepata foku ya 26 kwa bei nzuri. Itaingia?

Jibu: Shingo ngapi, vikombe ngapi, stemu ngapi, bomba ngapi? 26 ni gurudumu.

Kijana wa Njeru: Sina vipimo, lakini baiskeli ni ya kawaida tu.

Jibu: Futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Pima halafu urudi.

Msafiri wa Tororo: Mzee, heshima yako. Mimi nina mtu Katwe, Kampala, anachomea mageti na majiko miaka ishirini, hajawahi kurudishiwa kazi. Ameniambia ataunga bomba langu kwa laki moja chini ya bei ya foku nyingine. Nadhani unatutisha bure.

Jibu: Ssebo, simdharau fundi wako. Watu wa Katwe wanatengeneza vitu ambavyo wengine wanaagiza nje. Lakini geti likikatika linaanguka pale lilipo. Bomba la foku linapindwa mbele na nyuma kila unapokamata breki, na unakotaka kuunga ni jirani na kikombe cha juu, panapoelemewa. Kama bomba ni alumini, joto la kuchomelea linaondoa ugumu uliowekwa kiwandani. Kwa nje utaona kazi safi. Shika sumaku uigusishe kwenye bomba: isiponata ni alumini. Ikinata ni chuma, na bado sitakuambia uchomee. Nimeshasema kwenye hatua ya 5, na sitabadilisha jibu kwa sababu ya laki moja.

Msafiri wa Tororo: Imenata.

Jibu: Soma sentensi ya pili kutoka mwisho wa jibu langu.

Dada wa Mbale: Shikamoo kaka. Nimeelewa jumla, ila sijaelewa zile milimita 3. Kwa nini bomba lisiishie sawasawa na stemu? Si ndiyo stemu ingeshika zaidi?

Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri sana, na watu wengi hufuata kanuni hiyo bila kuijua. Ndani ya bomba kuna nati ya nyota, imegongwa chini kama milimita 15. Skrubu ya kofia inaingia kwenye nati ile na kulivuta bomba juu, huku kofia ikiikandamiza stemu chini. Stemu inakandamiza kifuniko, kifuniko kinakandamiza beringi, mchezo unaisha. Sasa bomba likifika sawasawa na mdomo wa stemu, kofia inalalia bomba badala ya stemu. Utakaza mpaka skrubu ikatike na foku itaendelea kugonga. Ukikutana na baiskeli inayogonga hivyo, ongeza washa moja nyembamba juu ya stemu, chini ya kofia. Itapona hapohapo.

Dada wa Mbale: Asante. Kumbe ndiyo sababu ya baiskeli ya mume wangu kugonga, fundi ameshabadilisha beringi mara mbili! Na bomba la kaboni je, nalo linawekwa nyota?

Jibu: Hapana, nyota inakwaruza kaboni na kuipasua. Kaboni inatumia kizibo kinachotanuka ndani ukikikaza. Na foku ya kaboni ya mtumba mimi siifungi, hata iwe bure. Ufa wake unaweza kuwa ndani usiuone.

Mwenye gaali ya mizigo, Busia: Sisi huku baiskeli zetu ni zile nyeusi za kubebea watu na magunia, bomba lina uzi na nati mbili. Somo hili linatuhusu?

Jibu: Linawahusu, na nyinyi wa mpakani hamfai kusahaulika, boda boda zilianzia kwenu. Kwa bomba la uzi, kipimo hakihesabu stemu, kwa sababu stemu yenu inaingia ndani ya bomba. Hesabu shingo, vikombe na nati. Nati ya juu lazima ishike uzi wake wote. Ikishika nyuzi mbili tatu, itafunguka njiani. Ukipungukiwa kidogo, toa washa za katikati, ila ile yenye jino uiache. Bomba likizidi, ongeza washa. Usimpe mtu akushushie uzi chini sana. Uzi unalila bomba, na ile kabari ya stemu ikitanuka palepale uzi unapoishia, bomba hupasuka mduara mzima. Stemu nayo ina alama ya mwisho wa kuinua. Isionekane.

Mwenye gaali ya mizigo, Busia: Nimeangalia sasa hivi. Inaonekana.

Jibu: Ishushe leo kabla hujabeba mtu.

Fundi mwenzako, Kabale: Naongeza moja. Pete ya chini ya foku ya mtumba huwa imeganda. Msipige upande mmoja. Gonga kushoto, gonga kulia, taratibu, mpaka inyanyuke sawa. Na kama seti yenu ina beringi zilizofungwa, chukueni ile ya zamani mkononi mwende nayo dukani. Zipo za milimita 41 na zipo za 41.8, kwa macho ni mapacha.

Jibu: Kweli kabisa. Pia angalieni maandishi ya pembe pembeni mwa beringi, 36 au 45. Ukichanganya, kifuniko kinayumba na utadhani umekosea kupima.

Dada wa Mbale: Na mvua hizi, grisi ya wapi hasa?

Jibu: Kwenye vikombe kabla ya kuvigonga, chini ya beringi na juu yake, na mduara mwembamba begani pale pete inapokalia. Pale stemu inapokumbatia bomba, futa pawe pakavu. Watu wa huko mnaoshuka milimani, kateni kipande cha tyubu ya zamani urefu wa vidole viwili, mkivishe kikombe cha chini kabla ya kuingiza foku. Matope ya gurudumu la mbele yote yanarukia hapo.

Kijana wa Njeru: Nimepima. Shingo 110, chini 12, juu 24, stemu 40. Bomba 181. Sina washa.

Jibu: Umefanya kazi. Jumla 186, toa 3, unahitaji 183. Umepungukiwa 2, lakini kikombe chako cha juu ni kirefu. Pima kifuniko peke yake uniambie. Kikizidi 10, tafuta bapa, foku ni yako. Umelipa tayari?

Kijana wa Njeru: Bado. Kifuniko ni 14.

Jibu: Kalipe. Nenda na kifuniko chako mfukoni, na umwombe muuzaji akutafutie bapa kwenye ndoo yake kabla hujatoa hela.