Somo: Kuvusha nguruwe wa mbegu kutoka Uganda kuja Tanzania

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Missenyi, Kagera, anayetaka majike sita na dume mmoja kutoka Uganda, wapitie Mutukula. La kwanza kabisa: kibali kinatangulia, malipo yanafuata. Mimi niliwahi kulipa kwanza. Nguruwe wangu wakakaa kwa muuzaji wiki tatu wakila kwa gharama yangu huku nikihangaikia karatasi.

Hatua ya 1: Kagua shamba kabla ya nguruwe

Nenda mwenyewe. Usivutiwe na mgongo mrefu wa Landrace, yule nguruwe mweupe wa kizungu, ukasahau kuuliza wanakula nini. Ukiona ndoo za mabaki ya hoteli au ya machinjio, aga uondoke. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake hukaa kwenye nyama miezi mingi. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na leo upo pande zote mbili za mpaka wetu. Uliza pia kama ngiri hufika karibu na mabanda, maana ngiri hubeba virusi bila kuugua, na kupe laini wa mashimoni mwao huvisambaza.

Wenzetu wa kusini wanayajua haya vizuri. Mlipuko wa 2010 na 2011 ulianzia Kyela, karibu na Malawi, ukaifuata barabara kuu hadi Morogoro na Dar es Salaam. Homa hii husafiri na nguruwe waliopakiwa, nyama na magari machafu.

Hatua ya 2: Kibali

Anza kwa afisa mifugo wa wilaya yako. Kibali cha kuingiza hutolewa chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Kisome mstari kwa mstari: masharti yaliyomo ndiyo daktari wa serikali wa Uganda atakayoyathibitisha kwenye cheti cha afya. Mtumie muuzaji nakala mapema, aipeleke wizarani kwao Entebbe. Siku ya safari, beba cheti halisi, usitegemee picha ya simu.

Hatua ya 3: Karantini na vipimo

Kwa nguruwe wanaotoka nchi yenye homa, mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unataka siku 30 za karantini, yaani kutengwa kabla ya kusafirishwa, na vipimo vya damu vichukuliwe angalau siku 21 baada ya kuingia humo. Sababu ni kwamba nguruwe aweza kukaa na virusi siku 4 hadi 19 kabla ya kuonyesha dalili. Anayekuambia "huyu mzima, mtazame anavyokula" hajakudanganya, ila macho yake hayawezi kuona virusi. Kila nguruwe avae hereni, na namba yake ilingane na ya kwenye cheti. Tarakimu moja tu ikikosewa, mtalala mpakani.

Hatua ya 4: Gari

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Fuso iliyotoka mnadani jana inakuja na vinyesi vikavu kwenye pembe za bodi, dereva anamwaga dawa juu yake na kusema tayari. Dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kwangua, sugua kwa sabuni, suuza, acha ikauke, ndipo upulize dawa na uiache dakika 30. Usisahau matairi, kanyagio za dereva na gambuti zake. Kisha mwaga maranda sakafuni.

Nafasi: kwa kipimo cha Ulaya, nguruwe wa kilo 100 hapungukiwi mita za mraba 0.42. Kwa joto letu ongeza, kila mmoja aweze kulala.

Hatua ya 5: Safari

Nguruwe hapoi kwa jasho kama sisi, kwa hiyo safiri usiku au alfajiri. Usimshibishe kabla ya kupanda gari, lakini maji apate. Akianza kuhema mdomo wazi, simama kivulini, lowesha sakafu na miguu yake. Usimmwagie maji ya baridi kichwani ghafla. Jike mwenye mimba iliyopita siku 100 abaki, kwani huzaa karibu siku ya 114.

Hatua ya 6: Mpakani

Wakala wa forodha awe na kibali, cheti cha afya, ankara na cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha nguruwe wametoka nchi gani. Fika asubuhi, wakaguzi wa mifugo wakiwa kazini.

Hatua ya 7: Nyumbani

Banda la peke yake, mbali na la zamani, kwa siku 30 nyingine au zaidi kama kibali kinavyosema. Mhudumu wake asiwaguse wengine. Pima joto kila asubuhi: kawaida ni kama nyuzi 39. Ikifika 41, masikio yakaanza kuwa mekundu au kubadilika kuelekea zambarau, usichinje, usiuze. Funga geti, piga simu kwa daktari wa mifugo.

MASWALI

*Shikamoo dokta. Kuna kijana anavusha kwa njia ya panya, nusu ya gharama hii. Kuna ubaya gani kwa nguruwe wawili tu?*

Marahaba mwanangu. Nguruwe mmoja anatosha kuua banda zima, na la jirani. Nimesimama na mama mmoja akifukia nguruwe 11 waliokuwa ada za wanawe. Chanzo kilikuwa dume mmoja aliyeletwa usiku. Tafadhali usifanye.

*Ushuru ni kiasi gani?*

Wenye asili ya Afrika Mashariki, ukiwa na cheti cha uasili, hawalipiwi ushuru wa forodha. Tozo za huduma za mifugo zipo, ulizia kabla ya safari.

*Nimesikia kuna chanjo, kweli?*

Vietnam iliruhusu chanjo zitumike kibiashara mwaka 2023. Usinunue chupa ya mtaani inayoitwa chanjo ya homa ya nguruwe.

*Mimi nina majike manne tu, nataka kubadilisha damu. Kuna njia nyepesi?*

Ipo, dada: mbegu za dume kwenye chupa, zikitunzwa kwenye nyuzi 17 hukaa siku kadhaa. Nazo zinahitaji kibali, na dume apimwe, kwa sababu virusi hupita kwenye mbegu pia. Lakini huna gari la kuosha wala mnyama wa kuhema njiani. Kwa majike manne, ningekuwa wewe ningeanza hapo.