Somo: Kufuatilia historia ya shamba la zamani Uingereza

Wakuu, kila wiki naulizwa lile lile: "Tumehamia nyumba ya shamba huku Uingereza, nitajuaje nani waliishi hapa?" Naandika mara moja, hifadhini.

1. Jua parokia ya zamani ya shamba lako.

2. Tazama ramani za kale za Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure.

3. Ramani ya zaka. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, hivyo makonde yakapimwa na kupewa namba. Kila ramani ina daftari lake: mwenye ardhi, anayeitumia, jina la konde, ukubwa. Mimi nilisoma safu ya kwanza tu, nikakimbilia sensa, nikapoteza miezi minne nikisaka familia ambayo haikulala pale hata usiku mmoja. Mwenye ardhi alikaa mbali. Aliyelima na kukamua ng'ombe alikuwa safu ya pili! Tena daftari hupangwa kwa majina ya wenye ardhi, si kwa namba, kwa hiyo pitia kurasa zote. Na usiruke majina ya makonde. La nyuma ya nyumba yetu liliandikwa Brick Kiln Field, konde la tanuri la matofali. Nilikwenda na mwanangu, na kwenye vichuguu vya fuko tukaokota vipande vyekundu vya matofali.

4. Sensa, 1841 hadi 1921. Ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi 20, 25, 30 na kuendelea, usiuamini sana.

5. Nyaraka za Taifa, zilizoko Kew, London: utafiti wa mashamba wa 1941 hadi 1943. Utakuta farasi, maji, umeme, hata mkulima kapewa alama A, B au C kwa jinsi alivyoendesha shamba, A ikiwa bora. Aliyepata C msimhukumu haraka, wengine walikuwa wazee tu.

MASWALI

– Mkuu, nitafutie langu. Liko Devon.

Soma hatua ya 1. Devon ni kaunti nzima.

– Parokia yetu haina ramani ya zaka. Somo lako lina kasoro.

Sikusema kila parokia inayo. Kwingine zaka ilishaondolewa ardhi ilipogawanywa na kuzungushiwa ua. Tafuta ramani ya mgawanyo huo.

– Kaka, samahani, rejista yasema wazazi walioana Mei 1710, mtoto akabatizwa Februari 1710. Karani alikosea?

Hakukosea, dada, na umesoma kwa makini sana. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja baada ya Mei. Sisi tungeiita 1711. Hesabu: miezi tisa. Sasa tafuta wosia wa baba. Ukibahatika utakuta na orodha ya mali, chumba kwa chumba, mpaka jibini iliyokuwa darini.

– Nyongeza: Kew nendeni na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Kupiga picha kwa simu ni bure.

Kweli kabisa. Na piga kwanza picha ya namba ya jalada, ndipo kurasa.