Kronografu: jinsi ya kuisoma na kuitumia

Mara kwa mara naletewa saa ya mkono nikiambiwa imekufa. "Fundi, huu mshale mrefu hautembei." Nabonyeza kitufe cha juu, mshale unaondoka. Saa ni nzima kabisa, ila mwenyewe hajui kwamba amevaa kronografu, yaani saa yenye mishale ya ziada ya kupimia muda, inayoanzishwa na kusimamishwa kwa vitufe.

Jina limetoka kwenye Kigiriki: chronos ni wakati, graphein ni kuandika. Kifaa ambacho Nicolas Rieussec alipimia mbio za farasi jijini Paris mwaka 1821 kiliandika kweli, kwa kudondosha tone la wino kwenye uso wake. Wino uliachwa, jina likabaki. Usiichanganye na kronomita, ambayo ni saa iliyothibitishwa kwa usahihi wake, iwe na vitufe au isiwe navyo.

Hatua ya 1: Ijue mishale yako. Kwa kawaida sekunde za saa yenyewe huzunguka kwenye kijisaa kidogo. Mshale mrefu wa katikati ni wa kupimia, na hutulia kwenye 12 ukisubiri kuitwa. Vijisaa vingine hujumlisha dakika, mara nyingi hadi 30, na pengine masaa hadi 12.

Hatua ya 2: Bonyeza. Kitufe kilicho karibu na namba 2 huanzisha. Ukikibonyeza tena, kinasimamisha. Kilicho karibu na namba 4 hurudisha mishale kwenye sifuri. Simamisha kwanza, ndipo urudishe. Zipo saa zilizoundwa kurudishwa zikiwa mwendoni, lakini kama huna hakika na yako, usijaribu. Bonyeza kwa mkupuo mmoja. Kidole kinachositasita huufanya mshale uruke.

Hatua ya 3: Soma. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mshale mrefu umesimama kwenye 55, na ule wa dakika unakaribia kabisa kugusa 8. Jibu ni dakika 7 na sekunde 55. Mtu mwenye haraka ataandika 8 na 55, na hapo kipimo kizima kimeharibika. Sekunde zikiwa nyingi, mshale wa dakika huwa umeshaanza kusogea, kwa hiyo chukua dakika iliyokwisha kutimia.

Hatua ya 4: Tumia namba za ukingoni. Takimita, yaani namba za ukingoni za kupimia kasi, hugawa 3,600 kwa sekunde ulizopima. Anza kupima kwenye nguzo moja ya kilomita, simamisha kwenye inayofuata, huku mwendo ukiwa haubadiliki (apime abiria, dereva aangalie barabara). Sekunde 40 ni kilomita 90 kwa saa. Ikipita dakika moja, takimita ya kawaida haisomeki tena. Pima nusu kilomita, kisha gawa jibu kwa mbili. Wala si lazima iwe gari: kazi inayochukua sekunde 24 kwa kipande kimoja itatoa vipande 150 kwa saa.

Telemita, namba nyingine za ukingoni, hupima umbali. Anzisha uonapo radi ikimulika, simamisha usikiapo ngurumo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo sekunde 9 ni kama kilomita 3. Hata saa isiyo na telemita inakufaa: gawa sekunde kwa tatu.

Mapigo ya moyo nayo ni rahisi. Hesabu mapigo 30, simamisha. Yakichukua sekunde 25, ni mapigo 72 kwa dakika.

Usizipuuze sekunde hizi. Mwaka 1970, chombo cha anga cha Marekani, Apollo 13, kikiwa njiani kurudi duniani, mwanaanga wake Jack Swigert alipima kwa saa yake ya mkono uwashaji wa injini wa sekunde 14 uliorekebisha njia yao.

Hatua ya 5: Kagua sifuri. Ukirudisha na mshale ukakataa kukaa sawasawa kwenye 12, kila kipimo kitabeba kosa hilo. Nyingi za betri hurekebishwa kwa kuvuta kile kifundo cha pembeni na kubonyeza kitufe mpaka mshale ufike. Ikiwa ni ya kutia ufunguo, mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe.