Kujiandaa kwa insha ya riwaya katika mtihani wa Kiingereza: punguza "akaenda, akaona"

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliniletea insha ya kurasa 5 juu ya riwaya ya lazima. Hati safi, majina ya wahusika yote sahihi, hakuna tukio alilolisahau. Nikampa alama 8 kati ya 20. Alisimama mbele ya meza yangu, karatasi mkononi, machozi yanamlengalenga. "Mwalimu, mbona yote nimeyaandika?" Na kweli yote alikuwa ameyaandika. Swali lilimtaka athibitishe jambo moja, naye alikuwa amekisimulia kitabu kizima.

Nafundisha Kiingereza hapa Lamu, na kosa hili naliona kila mwaka kwa wanafunzi wazuri kuliko kwa wavivu. Watoto wetu wamekulia kwenye hadithi. Ukimwambia mtoto wa Langoni au Matondoni akueleze kisa, atakueleza mpaka uone mashua na mawimbi. Kipaji hicho nakipenda, na sitaki kipotee, lakini katika insha ya kitabu teule lazima kifungwe hatamu. Hivi ndivyo ninavyowaandaa wanafunzi wangu.

Kabla ya yote, jua unachoulizwa

Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huchukua saa 2 na nusu na ina maswali 3 ya kujibu, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni insha ya kubuni, la pili ni la kitabu cha lazima, na la tatu unachagua kitabu kimoja kati ya vile vya hiari. Kimoja tu.

Alama 20 za insha ya kitabu kwa kawaida hugawanywa hivi: utangulizi 2, hoja 12, hitimisho 2, lugha 4. Zile 12 ni hoja 4 za alama 3 kila moja. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni aya 4 zilizoshiba. Hapa ndipo nitakapokaa sana.

Mifano yote nitaitoa katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu. Vitabu teule hubadilishwa, lakini kisa hiki umekijua tangu utotoni, na mbinu ni ile ile. Nitaandika kwa Kiswahili ili uione mifupa ya hoja bila kuhangaika na sarufi ya Kiingereza.

Hatua ya 1: Soma kitabu mara tatu, mwongozo uuache

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Soma kama unavyosikiliza hadithi, kwenye mashua ya kutoka Mokowe, barazani baada ya Alasiri, popote. Acha kikukasirishe na kikuhuzunishe. Mara ya pili soma na daftari. Ya tatu isome wiki chache kabla ya mtihani, haraka, kukumbusha tu.

Miongozo ile inayonakiliwa na kuuzwa siipendi kabisa kabla ya usomaji wa pili. Si kwamba yote ni mibaya. Ila mwanafunzi aliyeanza na mwongozo huniletea orodha ya maudhui ambayo hana tukio hata moja la kuyashikilia. Anaandika "ufisadi umekithiri" halafu kalamu inasimama.

Hatua ya 2: Daftari la matukio

Katika usomaji wa pili, kila sura ipe ukurasa mmoja. Usiandike muhtasari. Andika matukio, na kwa kila tukio jibu maswali manne: nani, wapi, kwa sababu gani, na kikafuata nini. Kisha ongeza jambo moja dogo linaloonekana kwa macho, kama vile rangi ya nguo, kitu kilichoshikwa mkononi, au neno alilolisema mhusika. Hilo dogo ndilo litakalomwonyesha mtahini kwamba umesoma kitabu chenyewe.

Tuchukue tukio la mkate. Liyongo amefungwa gerezani Pate. Anamtuma mjakazi Saada kwa mamake, na mamake anaoka mikate, mmoja wa wishwa (pumba za nafaka) na ndani yake ametia tupa, chombo cha kukerezea chuma. Walinzi wanakula mikate mizuri, ule wa wishwa wanamwachia mfungwa. Usiku panapigwa gungu, na katika kelele za ngoma Liyongo anazikata pingu.

Sasa angalia tukio hili moja linabeba nini. Linaonyesha akili ya mama. Linaonyesha ulafi wa walinzi, kwani ndio uliowapofusha. Linaonyesha ujasiri wa Saada, mtu asiye na cheo, anayepita langoni na kitu ambacho kingemgharimu maisha. Linaonyesha pia sanaa kama silaha, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyoficha sauti ya tupa. Tukio moja, hoja nne za maswali manne tofauti. Ukiwa na matukio 25 ya namna hii kutoka riwaya nzima, umeyajua kwa undani, hakuna swali litakalokukuta mikono mitupu.

Daftari hili litakufaa pia katika karatasi ya pili. Huko kuna dondoo la kitabu teule lenye alama 25, na mara nyingi swali lake la kwanza huuliza kilichotokea kabla au baada ya dondoo. Aliyeandika "kikafuata nini" kwa kila tukio hapati shida.

Hatua ya 3: Livunje swali kabla ya kuligusa

Maswali mengi huja na methali au kauli, kisha yanakutaka uithibitishe. Tuseme swali ni hili: "Kikulacho ki nguoni mwako. Thibitisha ukirejelea kisa cha Fumo Liyongo."

Chora mstari chini ya kila neno linalodai kitu. "Kikulacho": lazima pawe na madhara. "Nguoni mwako": lazima anayedhuru awe mtu wa karibu. Madai mawili, na kila aya yako lazima iyatimize yote mawili. Kwenye karatasi ya mazoezi nawaandikisha matukio yanayowajia kichwani, halafu nawauliza moja moja: madhara yapo? Ukaribu upo?

Karibu darasa zima huanza na mkate wa wishwa, kwa sababu ndio wanaoupenda. Ukaribu upo, ni mama na mwana. Madhara hayapo. Mkate unaokoa. Kwa hiyo unaachwa nje, na kuuacha kunauma kweli. Nimewaona wanafunzi wakiupenyeza kwa nguvu, wakaandika aya ndefu tamu isiyopata hata alama moja. Tukio zuri lisilojibu swali liache kwenye daftari.

Yanayobaki: wenzake wanaokula naye makoma (matunda ya mkoma) kwa zamu, huku wamepanga kumpiga mishale zamu yake ya kupanda itakapofika (yeye akayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini). Mwanawe anayekubali ahadi za mfalme wa Pate. Mwanawe anayeichimba siri ya babake. Mwanawe anayemchoma usingizini. Hizo ni 4, mradi kila moja isimame kwa tukio lake. Ukiyachanganya matatu ya mwisho kwenye aya moja, umejinyima alama mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika aya, kisha ipime kwa "-ka-"

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote. Hii hapa aya ya namna ninayoletewa:

"Mtoto akaenda kwa babake, akamuuliza kitu gani kinachoweza kumuua. Babake akamwambia ni sindano ya shaba, akichomwa kitovuni. Mtoto akarudi Pate, akamwambia mfalme. Mfalme akafurahi, akampa sindano, akarudi tena kwa babake."

Hesabu "-ka-" zilizomo. Akaenda, akamuuliza, akamwambia, akarudi, akamwambia, akafurahi, akampa, akarudi. Hiyo ndiyo lugha ya hadithi, inasukuma kisa mbele. Mwanafunzi akiipeleka kwenye Kiingereza inageuka mlolongo wa "then" na "and then". Mtahini anasoma, anasubiri hoja, haiji.

Sasa tukio hilo hilo:

"Siri ya kifo cha Liyongo hakuna adui anayeijua, mpaka inapoulizwa na mwanawe. Mfalme wa Pate amemwahidi kijana binti yake na cheo, naye anamwendea babake kama mtoto mwenye hofu juu ya usalama wa mzazi. Liyongo anashuku, hata hivyo, kwa kuwa anayeuliza ni damu yake, anamwambia kwamba sindano ya shaba kitovuni itamuua. Walioshindwa kumpata kwa pingu na kwa mishale sasa wanampata kwa swali la mtu anayelala nyumbani mwake."

Hakuna "-ka-" hata moja ya kusimulia. Badala yake kuna "mpaka", "hata hivyo", "kwa kuwa". Sentensi ya kwanza inatoa dai. Katikati kuna tukio lenye vitu vya kushika: binti, cheo, sindano ya shaba, kitovu. Sentensi ya mwisho inairudisha aya kwenye methali bila kuinakili.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua aya yako ya Kiingereza, mwambie mwenzako akufasirie kwa Kiswahili kwa sauti, papo hapo, bila kujiandaa. Ukisikia "akaenda, akaona, akasema" zaidi ya mara mbili, aya hiyo ni hadithi. Iandike tena. Tunalifanya jioni wakati wa prepu, wawili wawili, na wanafunzi hulikamata kosa hili kwa masikio kabla sijaliona kwa macho. Yule binti wa alama 8 alilifanya kwa wiki tatu. Insha yake iliyofuata ilikuwa na kurasa 3 tu, na nilimpa 15.

Hatua ya 5: Utangulizi na hitimisho

Hapa usipoteze muda. Utangulizi ni sentensi 3 au 4: ieleze kauli ya swali kwa maneno yako, kisha ilete kwenye kitabu. Usimtaje mwandishi alizaliwa wapi. Hitimisho ni sentensi 2 au 3 zinazosema umethibitisha nini. Hoja mpya usiiingize hapo.

Hatua ya 6: Makosa ya lugha yanayotoka nyumbani

Alama 4 za lugha mara nyingi hupotea kwa mambo mawili, na yote mawili yanatokana na Kiswahili chetu.

La kwanza ni "he" na "she". Sisi tuna "a-" moja: alikuja, awe mwanamume, awe mwanamke. Kichwa kikichoka, mkono unaandika "he" kwa Saada na "she" kwa mfalme. Dawa yake ni ya kidole: ukimaliza aya, weka kidole kwenye kila "he" na "she", taja kimoyomoyo jina la mtu anayekusudiwa, kisha endelea.

La pili ni wakati. Insha ya fasihi huandikwa kwa wakati uliopo, kwa sababu kila kitabu kinapofunguliwa tukio linatokea tena. Mama anaoka mikate, walinzi wanakula ile mizuri, Liyongo anakata pingu. Mwanafunzi huanza vizuri, halafu utamu wa kisa ukimchukua anarudi kwenye wakati uliopita. Mahali anaporudi huwa ndipo alipoanza kusimulia, kwa hiyo ukiona wakati umebadilika, kagua na hoja pia.

Na majina ya wahusika yaandike kama yalivyo kitabuni, herufi kwa herufi. Yanakili mara kumi kumi ikibidi.

Hatua ya 7: Saa mezani

Dakika 150 kwa maswali 3. Nawapangia 45 kwa kila insha, 15 zinabaki. Katika hizo 45, dakika 5 za mwanzo ni za kulivunja swali na kuorodhesha hoja 4. Insha ya kubuni ndiyo inayokula muda wa wengi, maana inaachia uhuru. Maagizo husema isizidi maneno 450, nawe yaheshimu.

Kuanzia Agosti, andika insha moja ya kitabu kila wiki ukiwa na saa mbele yako, kitabu kimefungwa. Mwezi wa Septemba ongeza ziwe mbili. Siku ya kwanza wengi hufikia hoja ya pili dakika 45 zikiwa zimekwisha, na wanavunjika moyo. Usivunjike moyo. Sababu huwa ni kufikiria hoja wakati wa kuandika, na orodha ya dakika 5 ndiyo inayoondoa tatizo hilo. Ikifika wiki ya nne kalamu huanza kutembea.

Siku yenyewe

Usisome kitabu upya usiku wa kuamkia mtihani. Pitia daftari la matukio tu, ulale. Ndani ya chumba, soma maswali yote kabla ya kuandika, na kwa kitabu cha hiari fungua lile la kitabu ulichokiandaa, hata kama swali la kitabu kingine linaonekana jepesi. Dakika 15 za mwisho ni za kidole: "he", "she", wakati, majina. Kisha angalia kama namba ya swali uliyoandika pembeni ndiyo ya swali ulilojibu.